Mtoto Hashibi? Fanya Haya Kabla ya Kubadilisha Kopo au Kumwanzishia Uji

Maswali ninayoulizwa na wazazi ni matatu tu, na huja kwa mpangilio uleule. Mtoto akiwa na wiki 3 hivi: "Ananyonya kila saa, au maziwa yangu hayatoshi?" Akikaribia miezi 2 au 3: "Nimeona kopo la maziwa ya unga limeandikwa ni la watoto wenye njaa zaidi, nimnunulie?" Akifika miezi 4: "Tukila ananikodolea macho, na usiku ameanza tena kuamka. Nimwanzishie uji?"

Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa nayaandika. Wenye haraka, majibu mafupi haya hapa. La kwanza: mara nyingi yanatosha, ila hesabu nepi kwanza. La pili: karibu kila mara, hapana. La tatu: bado, na usitazame macho yake, tazama shingo na mgongo. Wenye usiku mrefu mbele yao, tuendelee.

Haya ni kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi na mwenye afya. Kama wako ni njiti, alizaliwa na uzito mdogo, ana tatizo la moyo, au mama anaishi na VVU, usiongeze wala kubadilisha maziwa kwa sababu ya kitu ulichosoma. Ongea na kliniki kwanza, kwa kuwa mpango wenu una mambo ambayo hayamo humu.

Vitu vya kuwa navyo

- Kadi ya kliniki yenye mstari wa ukuaji, na uzito uliopimwa hivi karibuni.
- Daftari na kalamu. Simu nayo inafaa, ila daftari halizimiki saa 9 usiku.
- Kama anatumia chupa: kopo lenye kijiko chake mwenyewe, chupa zenye alama za mililita, na kitu cha kuchemshia maji.
- Wakati wa chakula ukifika: mahali pa kumkalisha wima, kijiko kidogo laini, bakuli, na nguo za kuchafuka. Huhitaji mashine ya kusaga. Uma unatosha.

Hatua ya 1. Andika kila kitu kwa siku 3

Usibadilishe chochote bado. Andika saa aliyonyonya, kwa muda gani au mililita ngapi, nepi zilizolowa, choo, na alivyolala. Usiku usiuruke, maana usiku ndio unaotudanganya: aliyeamshwa mara 3 huapa asubuhi kwamba ameamshwa mara 10.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na hizo mara hazigawanyiki sawasawa. Wengi huzirundika jioni: ananyonya, anaachia, analia, anarudi, saa mbili tatu mfululizo. Hiyo si ishara ya titi tupu. Tena kuna siku za kukua kwa kasi, ambazo mara nyingi huangukia wiki ya 2 au ya 3, wiki ya 6, na karibu na mwezi wa 3. Hudumu siku chache, kisha mambo hutulia. Rudi juu uangalie umri wa watoto katika yale maswali mawili ya mwanzo, utaona kitu.

Mwezi wa 4 una mambo yake. Hapo usingizi wenyewe unabadilika na kuanza kufanana na wa mtu mzima, wenye vituo vingi vya kuamka. Mtoto aliyekuwa akilala saa 6 mfululizo anaanza kuamka tena, na watu wote wa nyumbani wanasema kwa sauti moja kwamba maziwa hayamtoshi.

Hatua ya 2. Nepi na mizani ziseme

Kuanzia siku ya 5 hivi ya maisha, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake huwa hauna rangi au una umanjano hafifu. Kama nepi za kisasa zinakuchanganya kwa kunyonya kila kitu, mimina vijiko vikubwa vitatu vya maji kwenye nepi kavu uishike mkononi, ujue uzito wa nepi iliyolowa.

Kuhusu uzito: watoto wengi hupungua siku za kwanza, na kupungua mpaka asilimia 10 huweza kuwa kawaida, kisha huurudisha kufikia wiki 2. Miezi 3 ya kwanza huongezeka karibu gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Baada ya hapo kasi hupungua, na hapo ndipo wengi hushtuka bure. Wengi huwa wamefikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa karibu na mwezi wa 5 au wa 6.

Tazama mstari wa kwenye kadi, namba moja peke yake haisemi kitu. Mwembamba anayepanda na mstari wake hana tatizo. Mnene ambaye mstari wake umelala ndiye wa kupelekwa akaangaliwe. Na mpime kwenye mizani ileile, bila nguo. Mizani mbili tofauti zinaweza "kumkondesha" mtoto nusu kilo kwa asubuhi moja.

Sasa amua. Nepi zipo na mstari unapanda? Basi njaa siyo inayomliza, na hakuna kopo litakaloitibu. Nepi pungufu, au mstari umelala? Usiende dukani, nenda kliniki.

Hatua ya 3. Ijue njaa kwa sura

Njaa huanza kimya: anageuza kichwa akitafuta, anafungua mdomo, analamba midomo, anapeleka mkono mdomoni. Kilio huja mwisho kabisa, na mtoto aliyefika kwenye kilio hunyonya vibaya, akimeza hewa, kisha tumbo linamsumbua, kisha analia tena. Kumuwahi kabla hajalia kunamaliza nusu ya kesi za "hashibi".

Angalizo: kuanzia miezi 2 au 3, ngumi mdomoni si dalili ya kutegemea tena. Ameigundua mikono yake na anaichunguza kwa mdomo.

Kushiba nako kuna sura yake. Anaachia mwenyewe, anageuza uso, vidole vilivyokunjwa vinafunguka. Hapo acha, hata kama zimebaki mililita 30 kwenye chupa. Shida ni kwamba kunyonya kunamtuliza mtoto hata akiwa hana njaa. Ukimpa chupa kwa kila kilio ataipokea, atajaa, atacheua, na wewe utasema: "Ametoa yote, ana njaa tena." Nimewaona wazazi wakizunguka kwenye duara hilo wiki nzima. Kabla ya chupa ya ziada jaribu kumcheulisha, kubadilisha nepi, kupunguza nguo, kumbeba ukitembea, au kumlaza tu. Mtoto wa wiki 6 aliyekaa macho zaidi ya saa moja na nusu huenda anadai usingizi.

Hatua ya 4. Wa titi: rekebisha mshiko kwanza

Anayenyonya akiwa ameshika chuchu tu hutoka na njaa hata titi likiwa limejaa. Mshiko mzuri: mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini, unasikia akimeza, na wewe huumii. Ukiumia, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake, mtoe, mwanze upya. Kama kila mara unaumia au anateleza, mhudumu aangalie kama ulimi wake umefungwa chini.

Maliza titi moja, kisha mpe la pili. Akisinzia baada ya dakika 3, mwamshe kidogo kwa kumkuna nyayo.

Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Kila chupa inayochukua nafasi ya titi inauambia mwili upunguze maziwa ya kesho, ndiyo maana chupa moja ya jioni ya "kumsaidia" huzaa nyingine. Kama umeamua kuchanganya titi na kopo kwa sababu zako (kazi, uchovu, ushauri wa daktari), changanya bila aibu, lakini anza na titi, chupa ifuate, na kila unaporuka zamu ya kumnyonyesha, kamua.

Mambo mawili yanayotisha wengi bila sababu. Titi kuwa laini baada ya wiki 6 hivi si kukauka, ni mwili umeshajua kiasi. Na mililita unazokamua hazipimi unachotoa: mtoto hutoa zaidi ya pampu.

Hatua ya 5. Wa chupa: kiasi, kipimo, mwendo

Mpaka miezi 6, watoto wengi wa kopo hutumia karibu ml 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito kwa saa 24. Wa kilo 5, kwa mfano, ni ml 750 hadi 1,000 kwa siku nzima. Jumlisha kwenye daftari lako. Akiwa ndani ya hapo, kula kwake ni kwa kawaida, hata kama chupa ya saa 12 aliikataa na ya saa 3 akaimaliza kwa pupa. Akipita lita moja kila siku na bado anadai, waulize kliniki.

Kuchanganya ndiko kwenye makosa mengi, kwa hiyo fuata mpangilio huu:

a) Nawa mikono. Chupa na chuchu ziwe zimeoshwa na kuchemshwa.

b) Chemsha maji mapya. Yaache kwa muda usiozidi dakika 30, ili yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi. Unga wa maziwa ukiwa ndani ya kopo lililofungwa bado unaweza kuwa na vijidudu, na joto hilo ndilo linaloviua. Kuchemsha kisha kuacha maji yapoe kabisa hakufanyi kazi hiyo.

c) Maji kwanza, unga baadaye. Ukianza na unga, maji hayatafika kipimo na maziwa yatakuwa mazito.

d) Tumia kijiko cha kopo hilohilo, kisawazishwe kwa kisu safi, bila kushindilia. Vijiko vya makopo tofauti havilingani: kimoja ni cha ml 30 za maji, kingine cha ml 60. Soma kopo.

e) Funga, tikisa, poza chupa chini ya bomba, na dondoshea tone kwenye kiwiko cha mkono kwa ndani kabla ya kumpa.

f) Usilotumia ndani ya saa 2 tangu kulichanganya, mwaga. Alilobakiza baada ya kunyonya, mwaga pia, usimtunzie.

ONYO: usiongeze kijiko "ili ashibe". Maziwa mazito yanazizidia figo zake changa, yanamkausha maji na kumpa choo kigumu, halafu analia kwa kiu na wewe unadhani ni njaa. Usipunguze kijiko ili kopo lidumu pia: hapo anapata njaa ya kweli, na maji yaliyozidi huweza kushusha chumvi ya damu mpaka degedege. Kama kopo linakuzidi uwezo, sema kliniki. Hilo si jambo la kuficha.

Kuhusu mwendo: mkalishe nusu wima, chupa ilale karibu sambamba na sakafu, na umpumzishe kila baada ya muda mfupi. Chuchu yenye tundu kubwa humaliza chupa kwa dakika 5, tumbo likajaa kabla ubongo haujapata taarifa, naye akalia atake zaidi. Badilisha chuchu kabla hujabadilisha maziwa. Ni nafuu mno na husaidia mara nyingi.

Hatua ya 6. Sasa tuliangalie kopo la "mwenye njaa zaidi"

Protini za maziwa ni za aina mbili kubwa. Moja ni kasini, ile inayoganda. Nyingine hubaki kwenye maji maziwa yakishaganda. Makopo ya kawaida ya namba 1 (yale ya kuanzia kuzaliwa) kwa kawaida huwa na takriban asilimia 40 ya kasini na 60 ya hiyo nyingine. Ya mtoto mwenye njaa hugeuza uwiano: kasini karibu asilimia 80, kama maziwa ya ng'ombe. Kasini huganda tumboni kwa mabonge na kukawia kusagika, na hoja yote ya muuzaji imesimama hapo, kwamba chakula kikikaa tumboni muda mrefu mtoto atatulia.

Ila soma nyuma ya kopo, kwenye jedwali dogo. Kalori ni zilezile, karibu 65 hadi 70 kwa ml 100. Hapati chakula zaidi, anapata kizito zaidi kusagika. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, nchi ambako makopo haya yanauzwa sana, inawaambia wazazi kwamba hakuna ushahidi kuwa watoto wanaoyatumia hutulia vizuri au hulala muda mrefu zaidi.

Mimi nililinunua. Mtoto wa kwanza, wiki ya 6, saa 8 usiku, na akili yangu haikuwa na kazi nyingine ila kulia naye. Usiku wa kwanza wa kopo jipya alilala, nikalisifu kwa kila mtu. Usiku wa 4 akaamka kama kawaida, safari hii akijikamua choo kigumu kama kokoto. Kilichomlaza ule usiku wa kwanza sikijui mpaka leo. Nadhani alikuwa amechoka tu kama mimi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: kama hatua ya 2 imesema anakua, baki na namba 1. Kama imesema hakui, kopo hili halimfai pia, anahitaji kuonwa. Ukiona lazima ujaribu, mweleze mhudumu wa kliniki kwanza, endelea kuandika daftari kwa wiki moja, na usibadilishe kitu kingine wiki hiyo, usije ukashindwa kujua kilichofanya kazi.

Kopo la namba 2 ni suala jingine. Halipewi mtoto wa chini ya miezi 6, na hata akifika hapo si lazima: namba 1 inamfikisha mwaka mmoja.

Hatua ya 7. Usitie uji kwenye chupa

Utaambiwa na watu unaowaheshimu. Itikia kwa adabu, usifanye. Uji kwenye chupa unaweza kumpalia, na unamjaza bila yeye kujua anakula nini. Mwaka 1989 huko Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliopewa nafaka ya mchele kwenye chupa kabla ya kulala, wengine wakianza wiki ya 5, wengine miezi 4. Usingizi haukutofautiana.

Kuna na hesabu nyingine inayosahaulika. Uji mwepesi au karoti iliyopondwa na kuzimuliwa kwa maji ina kalori pungufu kuliko maziwa ya ujazo uleule. Ukimpa wa miezi 3, unajaza tumbo dogo kwa kitu kinacholisha kidogo na kufukuza kinacholisha zaidi.

Isipokuwa moja: daktari aliyemwona mtoto akikuambia uyafanye maziwa yawe mazito kwa sababu ya kutapika, fuata maelekezo yake na kipimo chake.

Hatua ya 8. Mtazame kama yuko tayari kwa chakula

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kianze akitimiza miezi 6, yaani siku 180. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema karibu na miezi 6, na kamwe si kabla ya miezi 4. Ukifika huko, tafuta mambo matatu, na yawe pamoja kwa siku kadhaa:

1. Anakaa akishikiliwa kidogo, na kichwa chake kimetulia bila kuyumba.
2. Anakiona kitu, anakishika, anakipeleka mdomoni mwenyewe.
3. Ukimwekea chakula mdomoni anameza, badala ya kukisukuma nje kwa ulimi.

La tatu ndilo la kupima kwa urahisi. Ulimi ukirudisha kila kitu kwenye kidevu, si kwamba hapendi. Bado. Rudi baada ya wiki moja.

Zisizo dalili: kutafuna ngumi, kuamka usiku, kutaka maziwa zaidi, kukutazama ukila (atakutazama vilevile ukishika rimoti), na kuwa mkubwa kwa umbo. Unene haukomazi shingo wala utumbo.

Usichelewe sana pia. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kusubiri mpaka miezi 8 "kwa sababu bado ananyonya vizuri" ni kosa la upande wa pili.

Hatua ya 9. Siku ya kwanza

Chagua muda wa mchana, mtoto akiwa mchangamfu, ili chochote kikimkataa ukione ukiwa macho. Mpe kwanza maziwa kidogo. Mwenye njaa kali hana subira na kijiko.

Mkalishe wima kabisa, kamwe asile akiwa amelala. Weka chakula kidogo kwenye ncha ya kijiko, kigusishe mdomo wa chini, na ungoje afungue mwenyewe. Vijiko viwili vitatu vinatosha kwa siku hiyo. Chakula kiwe kizito kiasi cha kutulia kwenye kijiko bila kutiririka: kikitiririka, umempikia maji.

Anza na vyenye chuma: nyama au maini yaliyopondwa sana, samaki asiye na miiba, yai lililoiva vizuri, maharage au dengu zilizopondwa, au nafaka ya watoto iliyoongezewa chuma. Matunda na viazi vije, ila visiwe peke yake.

Hatua ya 10. Wiki zinazofuata

Miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3 kwa siku, ukianza na vijiko vikubwa 2 au 3 kwa mlo na kupanda taratibu mpaka nusu ya kikombe cha ml 250. Chakula kiwe kimepondwa. Kuanzia miezi 9: milo 3 hadi 4, chenye vipande laini, pamoja na vya kushika kwa vidole. Maziwa yanaendelea kama kawaida, kwani katika miezi 6 hadi 8 chakula humpa karibu kalori 200 tu kwa siku, zinazobaki ni za maziwa.

Yai, samaki na karanga usivicheleweshe kwa kuogopa mzio. Utafiti wa LEAP uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watoto waliokuwa hatarini kupata mzio wa karanga, na waliokula karanga mapema walipata mzio huo kwa nadra sana kuliko walioepushwa. Karanga mpe kama siagi laini iliyochanganywa kwenye uji, na vyakula hivi vianzishe kimoja kimoja kwa siku tofauti. Kama ana pumu ya ngozi kali au tayari ana mzio wa yai, muulize daktari kwanza.

Visiingie: asali kabla ya mwaka mmoja (inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli), chumvi na sukari, maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu kabla ya mwaka, karanga nzima, na zabibu ambazo hazijakatwa kwa urefu.

Ukikwama

*Anakataa kijiko.* Mpumzishe siku mbili tatu, rudi. Chakula kipya huweza kuhitaji kuonjwa mara 10 au zaidi kabla hajakikubali. Usimshike pua, usimlazimishe.

*Anakohoa na kutoa ulimi kwenye chakula.* Kama anatoa sauti, mwache amalize mwenyewe, ni kinga yake. Kama amenyamaza, hawezi kulia wala kukohoa, amekabwa: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze, umkandamize kifuani kwa vidole viwili mara 5. Rudia huku mtu mwingine akiita msaada. Jifunze hili kabla ya siku ya kwanza ya chakula.

*Choo kimekuwa kigumu.* Wa kopo: kagua kipimo cha kijiko kwanza. Aliyeanza chakula: ongeza matunda, mpe maji kidogo kwa kikombe wakati wa kula. Chini ya miezi 6, usimpe maji bila ushauri.

*Amekula vizuri lakini bado anaamka usiku.* Kuamka ni kawaida kwa watoto wengi mpaka mwaka mmoja na kuendelea. Punguza kelele na mwanga, usiongeze bakuli.

*Baba, bibi na shangazi wanasema mtoto anateseka.* Wafungulie kadi ya kliniki, waonyeshe mstari. Mimi ilinisaidia kuliko maneno yote.

Usisubiri, mpeleke leo

Nepi zilizolowa zimepungua sana, utosi umedidimia, au analegea na haamki kunyonya. Ana chini ya miezi 3 na joto limefika nyuzi 38. Anatapika kijani au damu. Uzito unashuka.

Na moja ambayo huitwa njaa mara nyingi: mtoto wa wiki 3 hadi 6 anayetapika kwa nguvu, maziwa yakiruka mbali baada ya karibu kila mlo, kisha hapohapo anataka kunyonya tena. Huyo kweli ana njaa, kwa sababu njia ya kutokea tumboni inaweza kuwa imebana na maziwa hayapiti. Hutibiwa kwa upasuaji. Usimbadilishie kopo, beba kadi na daftari lako la siku 3, uende.